Kukandamiza Kifua cha Mtu Usiyemfahamu: Hofu za Kisheria na za Kibinafsi

Mtu anapoanguka ghafla kituoni, sokoni au ndani ya kivuko, akawa haitiki wala hapumui, ubongo wake huanza kupata madhara ndani ya dakika 4 hadi 6 tangu moyo uliposimama. Katika dakika hizo daktari huwa mbali, na gari la wagonjwa, kama lipo, bado halijaondoka kituoni. Aliyepo ni mpita njia: muuza matunda, kondakta, mwanafunzi, au muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku na anarejea nyumbani. Mafunzo ya huduma ya kwanza humfundisha mtu huyo mahali pa kuweka mikono yake. Ni mara chache sana humjibu maswali yanayomfanya aizuie mikono hiyo. Nikimvunja mbavu, nitashtakiwa? Akifia mikononi mwangu, ndugu zake watasema nini? Kama ni mwanamke, nitamgusaje kifuani mbele za watu? Polisi wakiniuliza uhusiano wangu naye, nitajibu nini?

Maswali hayo si visingizio vya waoga. Yana msingi katika maisha yetu ya kila siku, ambako mtu anayeonekana ameinama juu ya mwenzake aliyeanguka aweza kudhaniwa kuwa ndiye aliyemwangusha, au kwamba anampekua mifuko. Hata hivyo, hofu hizo hazina uzito sawa. Ile inayotajwa zaidi, yaani hofu ya kushtakiwa kwa sababu ya kukandamiza kifua, ndiyo yenye msingi dhaifu kuliko zote. Nyingine ambazo hazizungumzwi darasani ndizo zinazohitaji maandalizi.

Tendo lenyewe na madhara yake

Mbinu ya kukandamiza kifua bila kukipasua ilielezwa kitaalamu mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins nchini Marekani. Msingi wake haujabadilika sana: mikono miwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kikamilifu kabla ya kukandamizwa tena. Mkandamizo huo husukuma kiasi kidogo cha damu kwenda kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Huo ni mkopo wa muda tu, hadi moyo uanze tena kupiga au mashine ya kushtua moyo ifike.

Kwa Kiswahili tendo hili limezoeleka kuitwa kumfufua mtu, na jina hilo limeleta taabu yake. Anayesikia neno kufufua hutarajia muujiza, na asipouona humtazama aliyekuwa akifufua. Ukweli ni kwamba hata katika nchi zenye magari ya wagonjwa yanayofika upesi, takribani mtu 1 tu kati ya 10 ambao mioyo yao imesimama nje ya hospitali ndiye anayetoka hospitalini akiwa hai. Matokeo yaliyo ya kawaida, kwa hiyo, ni kifo. Mwokoaji anapaswa kulijua hilo kabla ya kupiga magoti, si baada ya hapo.

Mbavu huvunjika, hasa kwa wazee, na mara nyingine mwokoaji husikia mlio wake. Ubavu uliovunjika hupona kwa majuma kadhaa. Ubongo uliokosa damu haurudi. Kitabibu, mtu ambaye moyo wake umesimama yumo tayari katika hali mbaya kuliko zote, na hakuna mkandamizo unaoweza kumfikisha pabaya zaidi. Hoja hii ndiyo itakayobeba hoja ya kisheria hapa chini.

Itakuwaje basi ikiwa moyo haukuwa umesimama, na mwokoaji amekosea? Utafiti wa eneo la King County katika jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, uliwachunguza watu waliokandamizwa kifua kwa maelekezo ya simu ingawa baadaye ilibainika kuwa mioyo yao ilikuwa ikipiga. Waliovunjika mfupa walikuwa takribani 2 kati ya kila 100, na hakuna aliyebainika kuumia kiungo cha ndani. Kosa lililo la hatari zaidi ni lile la upande wa pili: kumwona mtu anatweta kwa mapengo, kama samaki aliyetolewa majini, na kudhani kwamba anapumua. Kutweta huko ni dalili ya moyo uliosimama. Asiyeitika, na asiyepumua kwa namna ya kawaida, akandamizwe.

Sheria inamtaka mpita njia afanye nini?

Nchini Tanzania Bara, Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ilipokea misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tarehe hizo za kale zina maana hadi leo, kwa sababu katika misingi hiyo hakuna wajibu wa jumla wa kumwokoa mtu usiyemfahamu. Mpita njia anayeendelea na safari yake anaweza kulaumiwa na dhamiri yake na majirani zake, lakini kwa kawaida hatalaumiwa na mahakama. Wajibu huzaliwa pale penye uhusiano maalumu: mzazi kwa mtoto wake, mwalimu kwa wanafunzi walio chini ya uangalizi wake, mhudumu wa afya kwa mgonjwa aliyempokea kituoni, dereva kwa ajali aliyohusika nayo.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Kanuni ya adhabu ya Ufaransa, katika kifungu cha 223-6, humtia hatiani mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini ilhali angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha. Kwa kawaida adhabu yaweza kufika miaka 5 jela. Ujerumani nayo ina kosa la namna hiyo, lenye adhabu ya hadi mwaka 1. Msomaji aliyesoma mtandaoni kwamba kutosaidia ni jinai huenda alisoma habari za huko.

Swali lenye uzito zaidi kwetu ni lile linalofuata: aliyeamua kusaidia, akaanza, anajiweka katika hatari gani? Anayedai fidia kwa uzembe lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja, kwamba mwokoaji alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliuvunja wajibu huo kwa kutenda chini ya kiwango cha mtu wa busara aliye katika nafasi yake, na kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara. Mwokoaji anapoanza kusaidia, jambo la kwanza laweza kuwapo. La pili ni gumu kulithibitisha, maana kiwango kinachopimwa ni cha mtu wa kawaida aliyepiga magoti juu ya lami, katikati ya kelele, bila vifaa. Si cha bingwa ndani ya chumba cha dharura. La tatu ndilo linalokwamisha madai karibu yote. Mlalamikaji angepaswa kuonyesha kwamba mgonjwa angekuwa katika hali bora zaidi kama asingeguswa. Kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama, kutoguswa kungemaanisha kifo.

Kuhusu ridhaa, mtu mwenye fahamu zake akikataa kusaidiwa, kukataa kwake kuheshimiwe, hata kama mwokoaji anaona uamuzi huo si wa busara. Abaki karibu naye na kuita msaada. Aliyepoteza fahamu hawezi kukubali wala kukataa, na hapo sheria hutumia kanuni ya dharura: huchukuliwa kwamba mtu wa kawaida angetaka kuokolewa. Ni hivyo hivyo kwa mtoto ambaye wazazi wake hawapo. Hakuna haja ya kumtafuta ndugu wa kutoa ruhusa wakati dakika zinahesabika.

Mahali ambapo mwokoaji anaweza kweli kujiingiza matatani ni pale anapotoka nje ya huduma ya kwanza. Kumnywesha maji au maziwa mtu asiye na fahamu, kumchoma sindano usiyoijua, kumburura majeruhi mwenye dalili za kuvunjika shingo bila sababu ya usalama, au kuanza kumhudumia kisha kuondoka bila kumkabidhi kwa yeyote: hayo yana harufu ya uzembe. Kukandamiza kifua cha asiyepumua hakumo katika orodha hiyo.

Sheria zilizotungwa ili kuwatoa watu hofu

Jimbo la California mwaka 1959 lilitunga sheria ya kwanza Marekani ya kumlinda anayesaidia kwa nia njema, na sheria za namna hiyo zikapewa jina la Msamaria mwema kutokana na simulizi ya Injili ya Luka. Uingereza ilitunga yake mwaka 2015, ikizitaka mahakama za England na Wales zizingatie kama mtu alitenda kwa ajili ya kumsaidia aliye hatarini.

Kisa cha China kinafundisha zaidi. Mwaka 2006 mjini Nanjing, kijana alimsaidia mama mzee aliyeanguka karibu na kituo cha basi, kisha akashtakiwa kwamba ndiye aliyemwangusha. Mahakama, katika hukumu ya mwaka 2007, ilimtaka alipe sehemu ya gharama, na miongoni mwa sababu zake ilidokeza kwamba mtu asiyehusika asingejitoa kiasi kile. Hukumu hiyo ilizua gumzo nchi nzima, na kwa miaka mingi watu waliitaja kama sababu ya kupita kando. Mwaka 2012 vyombo vya habari vya China viliripoti kwamba kijana huyo alikuwa amekiri kuwa waligongana. Lakini habari hiyo ya pili haikuenea kama ya kwanza, na haikuifuta hofu. Kilichohitajika ni sheria: kifungu cha 184 cha Kanuni ya Madai ya China, iliyoanza kutumika mwaka 2021, kinasema kwamba anayetoa msaada wa dharura kwa hiari yake hawajibiki kwa madhara anayomsababishia anayemsaidia.

India iko karibu nasi zaidi, kwa historia ya sheria na kwa hali ya barabara zake. Huko hofu kubwa haikuwa fidia. Ilikuwa kituo cha polisi na kaunta ya hospitali. Aliyemfikisha majeruhi alizuiliwa, akahojiwa kwa saa nyingi, akatakiwa alipe gharama za kumpokea mgonjwa, kisha akaitwa mahakamani mara kwa mara. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipa nguvu ya sheria miongozo ya kumlinda mwokoaji: asilazimishwe kutaja jina lake, aruhusiwe kuondoka, asidaiwe fedha. Mwaka 2019 Bunge likaongeza kifungu cha 134A katika sheria ya vyombo vya moto, kinachomkinga na mashtaka ya jinai na ya madai anayemsaidia majeruhi wa ajali kwa nia njema.

Katika Afrika Mashariki mpita njia hutegemea zaidi misingi ya jumla iliyoelezwa hapo juu kuliko kifungu kinachomtaja yeye kwa jina. Misingi hiyo inamtosha mwanasheria. Haimtoshi kondakta wa daladala, ambaye hana muda wa kusoma hukumu za kale za Uingereza kabla ya kuamua. Kifungu kifupi, kinachoweza kusomwa redioni kwa nusu dakika, kingefanya kazi ambayo mihadhara mingi haijaiweza.

Mlangoni mwa hospitali

Wahudumu wa afya wana sehemu yao katika hofu hii, na si ndogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaweka faini kwa taasisi ya tiba inayoshindwa kuyatoa ilhali ina uwezo. Nchini Tanzania, jina linalotajwa kila mara ni PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya walioumia. Fomu hiyo ni kumbukumbu na ushahidi. Mgonjwa asiyepumua hahitaji karatasi ili ahudumiwe, na inaweza kujazwa baadaye. Aidha, mtu aliyeanguka kwa maradhi ya moyo, bila kupigwa wala kugongwa, si majeruhi hata kidogo.

Namna mwokoaji anavyopokelewa mlangoni huenea mtaani haraka. Akikaribishwa kwa maswali ya "Wewe ni nani yake?" na "Nani atalipa?", hata wenzake kumi waliosikia kisa hicho hawatasimama siku yao ikifika. Maswali ya kitabibu ndiyo yatangulie: alianguka saa ngapi, alikandamizwa kwa muda gani, kuna kitu alichokula au kugusa. Jina na namba ya simu ya mwokoaji viombwe kwa hiari na kwa kumweleza sababu.

Mhudumu wa afya aliye nje ya zamu ana swali lake mwenyewe. Sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza haimtofautishi sana na mpita njia mwingine kuhusu wajibu wa kuanza, lakini maadili ya taaluma humtaka zaidi. Mwongozo wa baraza la madaktari la Uingereza, kwa mfano, humtaka daktari ajitolee katika dharura hata akiwa mitaani, kwa kuzingatia usalama wake, ujuzi wake na kama kuna msaada mwingine. Akianza, atapimwa kwa kiwango cha mtu mwenye mafunzo yake, ila bado katika mazingira ya barabarani. Daktari wa macho hatalaumiwa kwa kushindwa kuweka mpira wa hewa kooni. Atashangaza kila mtu akishindwa kukandamiza kifua. Ndiyo maana kurudia mafunzo haya kila baada ya muda si jambo la wauguzi wa chumba cha dharura pekee.

Mguso, mate na macho ya watu

Hofu ya maambukizi huelekezwa zaidi kwenye kupuliza pumzi mdomoni. Hakuna kisa kilichothibitishwa cha mtu kupata virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo. Hata hivyo, asiyetaka kuweka mdomo wake si lazima afanye hivyo: kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kukandamiza kifua peke yake kunakubalika tangu mwaka 2008, Chama cha Moyo cha Marekani kilipotoa tamko hilo. Tofauti ni mtoto na aliyezama majini. Hao moyo wao husimama kwa kukosa hewa, na pumzi ndiyo dawa yao ya kwanza. Mwokoaji aliyefunzwa hupuliza pumzi za mwanzo kabla ya kukandamiza, kisha huendelea kwa mikandamizo 30 na pumzi 2. Kwa jamii zinazoishi kando ya Ziwa Victoria na ufukweni mwa Bahari ya Hindi, hapa ndipo ujuzi wa mpita njia unaweza kuleta faida kubwa zaidi, kwa kuwa moyo wa mtoto aliyezama mara nyingi ulikuwa mzima, na unaweza kurejea hata pasipo mashine ya kuushtua.

Kuhusu wanawake, takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba walioangukia hadharani walikandamizwa kifua na wapita njia kwa asilimia 39, ilhali wanaume ni asilimia 45. Hofu ya kumgusa mwanamke si ya Waswahili peke yao. Kwa Waislamu wa pwani na visiwani, kanuni ya dharura katika fiqhi inaruhusu kinachokatazwa katika hali ya kawaida pale uhai unapokuwa hatarini. Kiutendaji, mikono huwekwa juu ya mfupa wa katikati ya kifua, si juu ya matiti, na si lazima nguo ivuliwe. Neno moja kwa waliopo husaidia kuliko maelezo marefu: "Mama, naomba kanga zenu mtusitiri," na wanawake waliosimama wanageuka kuwa ukuta. Wakati huo huo hupatikana mashahidi.

Mashahidi wana faida nyingine. Mwokoaji aseme kwa sauti anachofanya, amteue mtu mmoja kwa kumwonyesha kidole, "Kaka mwenye shati la bluu, piga 112, kisha tafuta gari ambalo mtu anaweza kulazwa," na simu na mkoba wa mgonjwa ashike mtu mwingine mbele ya wote. Kwenye bodaboda hakuna kukandamiza kifua. Ni afadhali kuendelea pale pale hadi gari lipatikane. Wanaorekodi kwa simu waombwe waache. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu anayepigania uhai hajampa yeyote ridhaa ya kuonyesha kifua chake mtandaoni.

Mwokoaji anaruhusiwa kuacha pale mgonjwa anapoanza kupumua, mwenye ujuzi anapopokea kazi, mahali panapokuwa pa hatari, au nguvu zinapomwishia. Kuishiwa nguvu ni sababu halali. Mkandamizo unaofaa huchosha ndani ya dakika 2 tu, na wawili wakipokezana hufanya vizuri kuliko mmoja shujaa.

Baada ya hapo huja kipindi ambacho vitabu vya huduma ya kwanza hukipa mistari miwili. Mwokoaji hukosa usingizi, husikia tena mlio wa mbavu, hujiuliza kama angeanza dakika moja mapema. Hisia hizi kwa kawaida hupungua ndani ya majuma machache; zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia kufanya kazi, amwone mshauri nasaha au kituo cha afya. Ikiwa damu ya mgonjwa ilimwingia kwenye jeraha au machoni, asisubiri mwezi: dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Na mhudumu aliyempokea mgonjwa, akiwa na dakika moja ya ziada, atoke nje amtafute mtu huyo aliyeketi kwenye benchi na suruali yenye vumbi magotini. Siri ya mgonjwa inabaki kuwa siri, lakini hakuna kanuni inayomkataza kumwambia kwamba alichofanya kilikuwa sahihi.